Sinia la Fundi Mwenyewe

Mtaani walimwita Fundi Mwenyewe, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Lilitokana na ubishi wake. Kwa miaka kumi na tisa aliyomiliki lori lake, la bluu lililopauka hadi likakosa rangi ya kueleweka, hakuna fundi wa gereji aliyeruhusiwa kugusa breki zake. Aliwahi kulipeleka mara moja tu, zamani, na fundi akasahau kitambaa ndani ya dramu ya breki, lile bakuli la chuma la gurudumu. Lori lilifuka moshi barabarani, watu wakakimbia na ndoo za maji. Tangu siku hiyo aliapa: injini mtashika, breki hamshiki. Na kila alipopata msikilizaji alikisimulia kisa hicho, na kila alipokisimulia kitambaa kilikua, hadi mkewe akasema kwa mwendo huo mwakani kitakuwa shuka.

Kazi aliifanyia uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Alikuwa na utaratibu wake, na hakutaka uchezewe. Kila alichokifungua alikiweka kwenye sinia kuukuu la bati, kwa mpangilio. Wakati wa kurudisha alianzia na cha mwisho. Sinia likibaki tupu, kazi imekwisha. Binti yake alikua akiliona sinia hilo. Alipokuwa na miaka saba alipandishwa kwenye kiti cha dereva, akasimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili, baba akipiga kelele kutoka chini: "Kanyaga! Shikilia! Achia!"

Sasa binti huyo alikuwa na miaka ishirini na minne na leseni ya magari makubwa, na asubuhi hiyo alikuwa anaanza safari yake ya kwanza peke yake. Angepakia matofali tanurini, yanakochomwa, kisha ayashushe bondeni kwa barabara ya mteremko, ile yenye kona saba. Ndiyo maana Fundi Mwenyewe aliamka mapema kubadilisha viatu vya breki vya nyuma, vile vinavyobana dramu gurudumu lisimame. Vya zamani vilikuwa bado na uhai, lakini mwanawe wa pekee hakuwa wa kushuka mteremko na breki zilizolika nusu.

Gurudumu la kulia lilikwisha bila maneno. La kushoto lilikuwa limebakiza pini moja na springi yake, ile inayokishikilia kiatu kisihame mahali pake, mkewe alipotokea mlangoni.

"Mume wangu, nipe hilo sinia. Shangazi yako ameingia na wajukuu zake. Au vikombe nivibebe kichwani?"

"Sinia la kazi hilo!"

"Nitaliosha. Na uje umwamkie, anakuulizia. Usinitie aibu."

Alinung'unika, akaichukua pini na springi, akavitia kwenye mfuko wa shati. Dakika moja tu, alijiambia. Akanawa mikono, akaingia ndani. Shangazi naye alikuwa na habari za ukoo mzima, wazima na wagonjwa, na huwezi kumkatiza shangazi. Aliporudi uani binti alikuwa amekwisha vaa, anatazama saa. Fundi Mwenyewe alitupa jicho chini, pale sinia lilipokuwa. Palikuwa patupu. Macho yalikuwa na mazoea ya miaka kumi na tisa, yakamwambia kazi imekwisha.

Akafunga dramu, akafunga tairi. Binti akapanda.

"Kanyaga!" Gurudumu likashika. "Achia!" Likazunguka.

"Haya, mama. Nenda salama. Na simu?"

"Nikiwa kwenye usukani siigusi, Baba. Hata ukipiga wewe."

"Hata nikipiga mimi," alisema, akafurahi.

Saa moja baadaye alikuwa sebuleni ndani ya shati safi, akimpa shangazi kisa cha kitambaa. Alikuwa amefika pale pa moshi. Mkewe akaingia kutoka uani, mikono inatiririka povu, kiganja kimoja kimefumbwa.

"Shati lako limelia kwenye karai," alisema, akafumbua. "Hivi ni vya wapi?"

Fundi Mwenyewe alitazama pini na springi. Alivinyakua. Alichukua simu akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita vilevile, kwa adabu ileile aliyoifundisha yeye mwenyewe.

Alitoka mbio akamkuta jirani mwenye pikipiki anakunywa chai kizingitini. "Tanurini! Twende! Chai utaikuta!"

Tanurini walimwambia lori limeshapakia na kuondoka, robo saa sasa. Robo saa. Alihesabu kichwani: darajani, kanisani, kisha kona ya kwanza. Kiatu kisicho na pini kingeweza kukaa siku nzima. Kingeweza pia kuhama kwenye kona ya pili, lori likiwa na matofali mgongoni. Alimwambia mwenye pikipiki aongeze mwendo, na alipoongeza, aliogopa vilevile. Macho yake yalikuwa kando ya barabara, yanatafuta kichaka kilicholala, alama ya tairi, watu waliokusanyika. Aliomba, yeye ambaye mkewe humburuta kwenda kuomba. Aliomba vibaya, bila mpangilio, akirudia neno moja: asishuke, asishuke, asishuke.

Lori lilikuwa limesimama juu kabisa, hatua chache kabla ya kona ya kwanza, mawe makubwa chini ya magurudumu ya mbele. Binti alikuwa amechuchumaa nyuma upande wa kushoto, jeki imeshakaa.

"Nimekupigia, hupokei," alisema. "Nimekanyaga mara tatu kabla ya mteremko kama ulivyonifundisha. Linavuta kushoto, na kuna kitu kinakwaruza. Sishuki nalo."

Baba alishuka kwenye pikipiki. Alinyoosha mkono na kufumbua kiganja. Jasho lilikuwa limeilowesha pini.

"Nimeisahau mimi," alisema. "Ilikuwa mfukoni. Ningekuua, mwanangu."

Binti aliitazama pini, akaichukua pamoja na springi yake. Baba aliinama kuchukua spana, lakini binti aliiwahi.

"Wewe panda juu."

"Mimi?"

"Panda, Baba. Na kofia yako nipe."

Aliivua akampa. Binti aliiweka juu ya nyasi, mdomo juu, na kila alichokifungua alikitia humo kwa mpangilio. Fundi Mwenyewe alikaa kwenye kiti cha dereva, mikono mapajani, akisikiliza. Alizijua sauti zote: nati, dramu, springi ikinyooshwa. Mwenye pikipiki alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona amenyamaza muda mrefu hivyo.

"Kanyaga!" Sauti ilitoka chini, kali. Akakanyaga. "Shikilia! Achia!"

Gurudumu lilishika, likaachia, likazunguka kimya. Walirudia mara nne.

Binti alisimama, akaikung'uta kofia mbele yake kuonyesha ni tupu. Baba alinyoosha mkono aipokee, lakini binti hakumpa.

"Pindua mifuko."

"Mwanangu, hili shati nimelivaa sasa hivi—"

"Yote, Baba. Na ya suruali."

Mwenye pikipiki alijifanya anakagua tairi lake. Fundi Mwenyewe, aliyekataza gereji zote za mji, alisimama kando ya barabara akaipindua mifuko yake mmoja mmoja: funguo, simu, leso. Binti alitazama kila mmoja hadi wa mwisho. Kisha akamvalisha kofia yake, akaiweka sawa kwa mkono wenye grisi, akaondoa mawe.

Baba alizunguka, akapanda upande wa abiria, mifuko bado inaning'inia nje. Simu yake ilianza kulia. Alimtazama binti, aliyekuwa ameshashika usukani, akaiacha ilie.