Alal na Mashuka ya Wodi ya Wazazi

Alal hajafa, na mimi sitangoja afe ndipo nimseme vizuri. Huku kwetu mtu akishalazwa kwenye jeneza ndipo anageuka mchapakazi, mcha Mungu, asiye na kinyongo na mtu. Huyu yu hai, anauza soksi za mtumba pale soko la Owino, na kinyongo anacho, tena sehemu kubwa ni juu yangu. Naandika sasa hivi nikiwa bado naona aibu, kwa sababu najijua, aibu yangu huwa haikai sana.

Hospitali yenyewe sitaitaja, bado nakula mshahara wake. Iko juu ya kilima kimojawapo cha Kampala, majengo ya zamani ya matofali na paa za vigae, na mimi ndiye mshonaji wake. Nashona gauni za wagonjwa, natia viraka mashuka, napindia mapazia. Chumba changu kimepakana na dobi, sehemu ya kufulia, ambako Alal alikuwa mkuu. Kwa miaka kumi na tisa nilimsikia Alal kupitia ukuta ule, na maneno hakuwa nayo machache.

Baba yake alikuwa koplo wa polisi, Mwacholi, akamlea kambini, na kambi ndiyo iliyompa Kiswahili. Mimi ni Mnubi wa Bombo, babu zetu walikuwa askari, Kiswahili tumezaliwa nacho. Ndiyo maana tulipatana. Yeye aliniita Mama Huzaifa, mimi nikamwita Mama Opoka, na wauguzi wakituona pamoja walituita "jeshi" kwa mzaha.

Nyuma ya wodi ya wazazi kulikuwa na kiwanja cha nyasi chenye kamba kumi na mbili. Hapo ndipo Alal alipotawala. Mashuka mia mbili kwa siku, na kila moja lilikuwa na mahali pake. Mablanketi yalikaa chini karibu na ua, nguo za chumba cha upasuaji katikati, na mashuka ya vichanga juu kabisa, kwenye kamba inayopigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni. Kivulini hakuanika hata soksi. Yakishakauka yalipigwa pasi yote, pande mbili, hata yale yatakayotapikiwa baada ya saa moja.

Sababu yake kila mtu aliyekulia Uganda anaijua. Kuna inzi mnene wa kahawia anayependa nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Hutaga mayai humo. Ukiivaa nguo hiyo bila kuipiga pasi, funza anapenya kwenye ngozi, na baada ya siku chache una jipu lenye kitu kinachocheza ndani yake. Wengi wetu tulichapwa na mama zetu utotoni kwa kuvaa nguo iliyotoka kambani moja kwa moja. Hii haihitaji chuo.

Mwaka juzi wakaja wafadhili na mradi wa hospitali ya kijani. Aliyekabidhiwa ni Madamu Hortense, msichana mpole aliyesomea mazingira ng'ambo. Ningependa kumchukia, ingenirahisishia mambo, lakini mradi wake ulikuwa na faida na sitasema uongo. Kabla mradi haujatuletea sola, umeme ukikatika, Sista Nasike, mkuu wa wodi ya wazazi, alishona akina mama huku ameuma tochi kwa meno. Chanjo ziliharibika kwenye friji. Jenereta lilinguruma na kututia moshi hadi kwenye chai. Hayo yote yaliisha, na tulishukuru.

Shida ilikuwa mahali pa kuziweka paneli za sola. Mainjinia walisema paa za vigae hazitabeba uzito ule. Wakatazama huku na huku kutafuta sehemu iliyo wazi, isiyo na miti, inayopigwa na jua kutwa nzima. Wakaiona. Kamba kumi na mbili za Alal ziling'olewa kwa asubuhi moja, na badala yake akaletewa mashine mbili za kukaushia, zinazotumia umeme wa paneli zile zile.

Alal alisimama akazitazama mashine, kisha akatazama kiwanja.

"Jua ilikuwa inakausha nguo," akamwambia Hortense. "Sasa jua inaingia kwa waya, inakuja kwa mashine, mashine inakausha nguo. Si ni ile ile jua, madamu?"

Hortense alicheka, akamwambia ni teknolojia. Mimi pia nilicheka. Lakini mashine mbili zilikausha mashuka sitini kwa siku, na sisi tuna mia mbili. Yaliyobaki wanawake wa dobi wakaanza kuyaanika chini ya paneli, kwenye kamba walizofunga katika nguzo zake. Chini ya paneli ni kivuli kitupu.

Hilo Alal aliliweza, maana pasi bado zilikuwepo. Zile za mkaa zilipigwa marufuku kwa ajili ya misitu, akazitoa bila ubishi, akapewa sita za umeme. Halafu mwaka ukakaribia kwisha. Hospitali ilikuwa imeahidi kupunguza matumizi ya umeme kwa asilimia thelathini, na wakaguzi wa tuzo walikuwa njiani. Taa zilishabadilishwa, feni zilishazimwa, na bado tulikuwa kwenye ishirini na sita. Hortense akazunguka na kipimo chake, akagundua kwamba pasi sita zinakula umeme kuliko wodi mbili. Kwa nini shuka la kulalia lipigwe pasi? Likunjwe tu.

Alisema hivyo kwenye mkutano wa Jumatatu. Nilikuwepo. Nilikaa kiti cha pili kutoka kwa Alal, nimepakata aproni za kijani nilizoambiwa nizishone kwa ajili ya siku ya wakaguzi. Alal akainuka.

"Madamu, pasi usitoe. Kama unatoa, basi acha hata mbili za wodi ya wazazi. Nguo inakaa kwa kivuli, inzi inaweka mayai. Mtoto wa siku moja, ngozi yake ni kama karatasi. Funza itaingia."

Aliyasema yote hayo, polepole, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Hortense alikulia kwenye nyumba ambayo nguo hukaushwa kwa mashine na hukunjwa na mtu mwingine. Akatabasamu, akamwita mama kwa Kiganda.

"Nnyabo, hayo ni mambo ya kijijini. Hapa sabuni yetu inaua kila kitu."

Kulikuwa na watu tisa chumbani, na wote tulishawahi kuchapwa kwa ajili ya inzi huyo. Hakuna aliyefungua mdomo. Wala muhtasari wa mkutano haukuliandika neno lake, kwa sababu halikuwa kwenye ajenda.

Pasi zikakusanywa. Alal alikuwa amebakiza miaka mitatu astaafu, na mtu mwenye akili zake angekunja mashuka na kunyamaza. Yeye akaenda Owino, akanunua pasi ya mkaa kwa pesa zake, akawa anayapiga pasi mashuka ya vichanga peke yake, nyuma ya tanuri la taka, ambako moshi mmoja zaidi hautambulikani. Alifanya hivyo wiki tatu. Nilijua. Nilimwona akipita na beseni, nikajifanya natunga uzi.

Siku mbili kabla ya ukaguzi Hortense alizunguka kukagua tanuri, akamkuta. Mkaa, ndani ya hospitali ya kijani. Pasi ikachukuliwa, Alal akapewa barua ya onyo la mwisho: kosa jingine lolote, kazi hana. Wakaguzi wakaja, wakapiga picha chini ya paneli, na mashuka yalikuwa yametolewa pale asubuhi hiyo ili yasiharibu picha. Tulipata tuzo. Mimi nilivaa aproni ya kijani.

Mtoto wa kwanza aliletwa siku tisa baadaye, msichana wa juma moja, ana majipu manne mgongoni. Sista Nasike alipaka vaselini kwenye tundu la jipu, akangoja, akaminya, na funza mweupe akatoka akijikunja. Mama yake alitapika. Kufikia Ijumaa walikuwa watoto saba, na mmoja majipu yake yalioza, akalazwa siku kumi na mbili. Baba yake alikuwa mtu wa redio, na habari ikaenda hewani.

Hospitali ikahitaji mkosaji kabla ya Jumatatu, na mwenye barua ya onyo alikuwa mmoja tu.

Kamati ya nidhamu ilisema hivi: mkuu wa dobi alianika nguo kivulini, hakuzipiga pasi, wala hakutoa taarifa ya hatari. Alal akajibu kwamba taarifa aliitoa kwa mdomo, mbele ya watu, na Mama Huzaifa alikuwa karibu yake. Hortense alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Akasema mikutano ilikuwa mingi, hakumbuki. Nadhani yeye alisema kweli. Mtu hashiki neno ambalo hakulipa uzito.

Basi wakaniita mimi. Mwenyekiti aliniuliza kwa upole: je, mnamo Jumatatu ile nilimsikia Alal akionya juu ya pasi? Kazi yake yote ilikuwa imening'inia kwenye jibu langu, na kila mtu chumbani aliliona hilo. Pembeni ya mwenyekiti kulikuwa na karatasi nyingine, orodha ya kazi ambazo hospitali inaweza kuziondoa kwa wafanyakazi wake na kuzipa kampuni binafsi. Walinzi walikuwemo, wapishi walikuwemo, na mstari wa tatu uliandikwa ushonaji. Sijui kama iliwekwa pale makusudi nisome. Niliisoma.

"Sikumbuki vizuri," nikasema.

Alal alinitazama mara moja, kisha akatazama mikono yake, ile mikono iliyopauka kwa jiki. Nilichukia kila mtu mle ndani, nikianza na mimi mwenyewe, na bado sikubadilisha neno. Walimwachisha kazi siku hiyo hiyo. Kesho yake pasi sita zilirudishwa dobi, bila tangazo wala mkutano, na kipande cha kiwanja kikaachwa wazi kwa kamba tatu.

Jioni ya siku aliyoachishwa kazi alikuja chumbani kwangu kurudisha aproni, maana vifaa vya hospitali hurudishwa kwangu. Ilikuwa imefuliwa na kunyooshwa, sijui aliinyoosha na nini. Nilifungua daftari, nikaandika aproni moja, nzima. Nilitaka aniite majina, nilitaka alie, chochote. Akafunga mlango nyuma yake na kubaki amesimama.

"Mama Huzaifa. Wewe ulisikia."

"Nilisikia, Mama Opoka," nikamwambia. "Kila neno."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji yake sawasawa, akaufungua mlango, akaenda zake.