Lete Hapa Aachia Mwiko

Jina alilopewa na wazazi wake liliandikwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Kazini, mtaani, hata kwa wakwe zake, aliitwa Lete Hapa. Wala mtu asidhani alionewa. Kwa miaka kumi na minane aliyosimamia mafundi wa uashi, haikupita siku bila maneno hayo mawili kumtoka kinywani. Fundi akiwa anapanga tofali zake kwa raha, Lete Hapa atasimama nyuma yake, atakohoa, atainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule, halafu mkono utamnyooka wenyewe: "Lete hapa!" Mwiko umeshahama. Mwenye kazi anabaki kando kama mtu aliyenyang'anywa sahani katikati ya mlo.

Hakuwa mkali, na matusi hakuyajua. Balaa lake ni kwamba kazi aliiweza kweli. Ukuta wa Lete Hapa ulinyooka hata mtu akaona haya kuuegemea. Kwa hiyo kila alipoona mkono wa mwingine ukisitasita, roho ilimwasha. Na si kazini tu. Mkewe akikata kitunguu, lete hapa. Binti yake akiandika barua ya kuomba kazi benki, lete hapa, na barua ilipokwisha ilisomeka kama maelekezo ya kumwaga zege. Binti hakuitwa kwenye usaili.

Mambo yaliharibika siku alipokwenda kung'oa jino. Walikuwa wanajenga hosteli ya chuo cha wauguzi, ghorofa tatu, na yeye akaomba ruhusa ya siku moja. Jioni ya kuamkia siku hiyo aliwaachia mafundi maelekezo: ukuta wa mashariki upandishwe mpaka usawa wa madirisha. Aliporudi, shavu limevimba kama kaficha limau, aliukuta ukuta wa mashariki vilevile alivyouacha. Hakuna tofali lililoongezeka. Ila eneo lote lilikuwa limefagiliwa. Tofali zilizopangwa ghalani zilikuwa zimepangwa upya. Hata lundo la mchanga wa kujengea lilikuwa na alama za ufagio.

"Jana mlikuwa mnafanya nini?" aliuliza.

Akajibu fundi mmoja mnene, mtaratibu, waliyemwita Kobe. "Usafi, Mzee. Tuliona tukijenga utakuja kubomoa. Tukasema bora tufagie, maana kufagia hakubomolewi."

Injinia alimwita kibandani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kwa Lete Hapa kwa miaka ishirini, mwenye desturi ya kuongea taratibu kadiri anavyozidi kukasirika. Siku hiyo aliongea taratibu sana.

"Mzee, tumepata kazi nyingine ng'ambo ya mto. Zahanati. Nataka mtu wa kuiongoza. Nitajie mmoja kati ya mafundi wako."

Lete Hapa aliwapitisha wote arobaini kichwani, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nyanya sokoni, akirudisha kila anayoishika.

"Mimi," alisema mwishowe.

"Wewe uko hapa."

"Asubuhi nitakuwa hapa, mchana kule."

"Nimekuuliza mtu, Mzee. Sijakuuliza ratiba ya basi."

"Basi hayupo."

"Miaka kumi na minane, hayupo hata mmoja?"

"Mafundi wa siku hizi, Injinia, si unawajua."

"Nawajua. Na wamefundishwa na nani?"

Lile jino ambalo halikuwemo tena likamuuma Lete Hapa.

Injinia akamalizia. Alimpa miezi mitatu. Katika miezi hiyo atoe watu wawili wanaoweza kusimamia jengo bila yeye kuwapo. "Kuta tunazo," alisema. "Kazi yako sasa ni watu. Ukishindwa, nitaleta msimamizi kutoka nje, na utakuwa chini yake."

Alitoka kibandani. Afadhali angeambiwa abebe ngazi ya zege mgongoni. Lakini maji akishayavulia nguo mtu sharti ayaoge, naye akachagua wawili. Wa kwanza ni Kobe, kwa sababu huyo angalau alikuwa amejibu alipoulizwa. Wa pili ni Mama Pacha. Mwanamke huyu alianza kwa kubebea mafundi maji, akiwa na mapacha wachanga nyumbani kwa mama yake. Akajifunza kupanga tofali kwa kutazama tu, na kufikia sasa mapacha walikuwa wamemaliza shule na yeye ni fundi kamili. Kazini hakuwa msemaji. Kimya chake kilikuwa cha mtu anayehesabu.

Kobe alipewa kuta za ndani. Mama Pacha alipewa ngazi, kuanzia ukuta wake, kazi ambayo Lete Hapa hakuwahi kumwachia mtu maishani. Asubuhi ile aliapa mbele ya kila mmoja wao kwamba hatawakaribia mpaka saa sita.

Dakika kumi hazikuisha. Alijikuta nyuma ya Mama Pacha, akikohoa. Akainamisha kichwa. Na kabla hajatamka neno, Mama Pacha, bila kugeuka, alikwisha kuunyoosha mwiko nyuma yake, mpini mbele, amwachie. Kumbe mwili wake ulishazoea, kama mlango unaojifungua wenyewe mwenye nyumba akikaribia. Jambo hilo lilimchoma Lete Hapa kuliko maneno yote ya Injinia. Aliutazama ule mwiko. Halafu, Mungu amsamehe, akauchukua.

Jioni alimsimulia mkewe, na mkewe akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Baba Watoto, wewe kichwa hakina ubaya. Kichwa kimeshaelewa. Yenye ubaya ni hii mikono."

"Sasa niikate?"

"Niachie mimi."

Asubuhi alimkabidhi chupa ya chai mkono wa kulia na kikombe mkono wa kushoto. "Usiviweke chini mpaka saa za kutoka. Ukitaka kumnyang'anya mtu kitu, itabidi kwanza ujimwagie chai."

Basi Lete Hapa akawa anazunguka jengo zima na chupa na kikombe, kofia ngumu kichwani. Uvumi haukuchelewa. Wengine walisema sumu ya jino imepanda kwenye ubongo. Wengine walisema ameanza biashara ya chai na muda si mrefu atauza na maandazi. Fundi wa nondo, mtu wa masihara, aliuliza kama kuna isiyo na sukari.

Siku ya tatu aliona ukuta wa Kobe ukilala. Aliuona tangu safu ya tatu: umeegemea upande wa dirisha kidogo tu, kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Mkono wa kulia ulimwomba ruhusa, wa kushoto ukambembeleza. Akauma meno yaliyobaki.

"Kobe, ukuta unaendeleaje?"

"Vizuri, Mzee."

"Timazi inasemaje?"

Kobe akakuna shingo. "Sijaiuliza, Mzee."

"Si uiulize."

Kobe aliitundika timazi, akasubiri uzi utulie. Ulipotulia akaiondoa, akaitundika tena, akiamini labda mara ya pili itakuwa na huruma. Haikuwa nayo. Akachukua nyundo akaanza kuzishusha tofali zake mwenyewe, udongo wa saruji ukiwa bado mbichi. Injinia alikuwa amesimama mlangoni.

"Uliuona?" alimnong'oneza Lete Hapa.

"Tangu safu ya tatu."

"Na sasa ni safu ya sita."

"Tofali za safu tatu si kitu. Nimenyamaza mpaka mgongo unaniuma."

Kobe alipomaliza kubomoa, Lete Hapa alimmiminia chai. Tangu siku hiyo Kobe hakupanga safu mbili bila kuiuliza timazi; akawa anaiuliza hata mahali ambapo haikuhitajika, na mafundi wakamtania kwamba kabla ya kuoa tena ataitundika mbele ya bibi harusi.

Lakini subira nayo ina mahali pake. Wiki ya tano kibarua mmoja alipanda jukwaani akakanyaga ubao ambao haujafungwa. Lete Hapa hakuuliza swali lolote. Alitupa chupa, akatupa kikombe, akaruka, akamshika yule bwana mkanda wa suruali na kumvuta ndani huku akipiga ukelele uliosikika barabarani. Ubao ulianguka peke yake. Baadaye, akiwa bado anahema, alimfuata Injinia kibandani kama mwanafunzi aliyefeli.

"Nimeharibu. Nimenyang'anya tena."

"Mzee," alisema Injinia, "pale ungeuliza 'unaonaje, kijana?' leo hii ningekufukuza."

Mkewe naye, aliposikia chupa imepasuka, aliuliza jambo moja tu. "Mtu kapona?" Alipoambiwa kapona, akasema chupa si kitu. Baada ya muda kidogo akaongeza kwamba ilikuwa zawadi ya dada yake, na kwamba dada yake anakuja Jumapili.

Kisha zikafika zile ngazi. Mama Pacha alikuwa amechora vidato vyote ukutani kwa penseli, kuanzia chini mpaka juu, kabla seremala hajapiga mbao za kumwagia zege. Lete Hapa alivitazama, jasho likamtoka. Kidato cha kwanza kilikuwa kirefu kuliko vingine, kwa vidole viwili vizima. Mtoto wa shule angeliona kosa hilo. Aliishika chupa mpya kwa nguvu hadi kifuniko kikalia.

"Mama Pacha," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba, "hicho cha chini mbona kimekuwa kirefu?"

Mama Pacha aligeuka. Alionekana kushangaa zaidi kwa kuulizwa kuliko kwa swali lenyewe.

"Kwa sababu sakafu ya hapa chini bado, Mzee. Ikija kuwekwa na vigae, itapanda vidole vitatu. Vidato vyenyewe vinapakwa saruji ya kidole kimoja tu. Kwa hiyo sakafu itameza vidole viwili vya kidato cha kwanza. Nikivichora sawa leo, siku ya kumaliza cha kwanza kitakuwa kifupi, na mguu unadanganyika."

Lete Hapa alihesabu. Akahesabu tena, midomo ikicheza.

"Ile maktaba," alisema.

Mama Pacha akatazama chini.

Maktaba ile aliijenga miaka sita iliyopita, na ngazi zake alizichora mwenyewe, vidato vyote sawasawa. Watu walijikwaa pale kila siku ya Mungu. Mkuu wa maktaba alibandika kibao cha kuwaonya wapandaji. Baadaye akaongeza cha pili, kwa sababu watu walikuwa wanajikwaa huku wanasoma cha kwanza. Na Lete Hapa miaka yote sita alikuwa akisema kwamba wasomaji hawanyanyui miguu.

"Ulikuwepo pale," alimwambia. "Ulilijua hili?"

"Nililijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, Mzee. Ukasema lete hapa."

Lete Hapa alikaa juu ya mrundo wa tofali. Mama Pacha akadhani ameharibu kila kitu, mwiko wake na kibarua chake. Kisha Lete Hapa akainuka, akapiga filimbi ya kuwaita watu wote. Walikuja arobaini, na fundi wa nondo akiwa wa kwanza, akitumaini ni chai.

"Mama Pacha atatufundisha kuchora ngazi," alitangaza. "Mimi nimekuwa nikizikosea. Anayecheka atafagia mchanga."

Hakuna aliyecheka. Mama Pacha alianza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, lakini alipofika kwenye vidole vitatu na kidole kimoja sauti ilikuwa imeshika njia yake. Lete Hapa alisimama mstari wa mbele akauliza maswali mawili, moja la kweli na moja la kumfungulia mlango aseme zaidi. Mafundi wengine nao wakaanza kuuliza. Mmoja alisema kwamba kwa muda mrefu ameona mtaro wa maji ya mvua umeelekezwa pabaya, ila hakuona sababu ya kusema. Wakaenda wote kuutazama. Kweli ulikuwa umeelekezwa pabaya.

Miezi mitatu ilipotimia, Injinia hakuleta mtu kutoka nje. Mama Pacha alipewa zahanati, Kobe akawa msaidizi wake, na mafundi kumi na wawili wakavuka mto pamoja nao.

Lete Hapa alijizuia kwenda kule kwa wiki nne. Wiki ya tano, Jumamosi, alimwambia mkewe anakwenda kunyoa, akavuka daraja. Langoni alikuta mlinzi mgeni, asiyemjua hata kwa sura.

"Nafasi zimejaa, Mzee," alisema mlinzi kabla hajasalimiwa. "Tena kwa umri wako, kazi hii nzito. Lakini kaa pale na wenzako, huenda Bosi akawahitaji."

Lete Hapa alitaka kujitambulisha, akabadili nia. Alikaa kwenye benchi na wanaume watatu wanaotafuta kibarua. Kupitia wavu aliona kazi yote. Aliona tofali zimerundikwa kwa mtindo ambao yeye hakuwahi kuukubali, na toroli zikipita katikati yake bila kugongana. Aliona Kobe na timazi yake. Aliona fundi mmoja akipaka udongo mwembamba mno, Mama Pacha akasimama kando yake akamwuliza kitu, na yule fundi akakuna kichwa, akalitoa tofali, akapaka upya. Saa nzima ilipita. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemtafuta, na ukuta ulikuwa unapanda. Moyoni aliona wivu, na chini ya wivu ule, shibe fulani ambayo hakuwahi kuipata kwa ukuta wowote aliojenga kwa mkono wake.

Mama Pacha alipokuja langoni kupokea lori la saruji, alimwona, akashika kichwa.

"Fundi Mkuu! Umekaa hapo tangu lini?"

"Tangu saa tatu. Nimeambiwa nafasi zimejaa."

Mlinzi alitafuta ardhi impasukie. "Usimgombeze," alisema Lete Hapa. "Amefanya kazi yake vizuri. Na kuhusu umri hakusema uongo."

"Ingia basi, Mzee, uje uone."

Aliinuka. Jirani yake wa benchi, mtu wa makamo mwenye mwiko umefungwa kwenye gazeti, alimvuta shati. "Mzee, kumbe unajuana na Bosi. Nisemee na mimi, tafadhali."

"Unaweza kupanga tofali?"

"Naweza. Pembe tu ndiyo inanishinda kidogo."

"Basi njoo umwambie mwenyewe, na hiyo ya pembe usiifiche," alisema Lete Hapa, akimpisha atangulie. "Mimi huku ni mgeni."