Damu Isiyoganda

Kama hujamwona Filister akipika matangani, bado hujaona mtu akiamrisha. Wazee wenye fimbo humpisha, wachungaji hungoja sahani kwa adabu, na mkwe anayejifanya mkubwa huambiwa aende akakae na wakwe wenzake. Huku Rangwe, kwa Waluo, mtu akifariki, familia hupigia mochari kisha humpigia Filister. Wenye maneno husema yeye ndiye hupigiwa kwanza, lakini huo ni uchokozi tu.

Mimi ni Mkisii, jina langu Nyatichi. Nauza kabichi na vitunguu sokoni, na kwa miaka tisa nimekuwa nikimsaidia Filister kwenye masufuria yake. Nimejifunza mengi kwake. Hapiki nyama ya ng'ombe ambaye hakumwona akichinjwa. Tena ana kichwa ambacho sijaona kingine: akishagawa nyama, anajua nyumba gani imechukua paja, nani kabeba matumbo kwenye mfuko, na bibi gani ameficha kipande kwenye kanga akidhani hakuonekana. Anamwacha tu, ila anajua.

Mwaka jana alifariki babake Cephas. Cephas ni mfanyabiashara, mtu wa sauti kubwa, na alitaka mazishi yanayozungumzwa. Alienda kununua fahali Kehancha kwa Wakuria, ambako bei ni nafuu, akamleta kwa pikapu. Walifika Alhamisi mchana na fahali amelala kwenye gari, shingo imepinda. Dishon, mchinjaji wetu, alipanda na kisu juu ya gari kabla hata ya kumshusha.

Damu ilitoka polepole. Ilikuwa nyeusi na nyepesi, na ilipofika chini haikuganda. Nyingine ilikuwa imetoka puani muda mrefu kabla ya kisu. Nilikuwa nimesimama na karai la vitunguu, hatua tatu kutoka pale, na nikaiona vizuri.

"Cephas," Filister akasema, "hii ng'ombe ilikuwa inapumua kweli?"

"Mama, imechoka na barabara tu. Kutoka Kehancha ni mchezo?" Cephas akageukia watu. "Kesho watu mia tatu wako hapa. Niwapatie nini, kabichi ya Nyatichi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Filister hakucheka. Aliitazama ile damu, kisha akanitazama mimi, na nilijua anataka nini: mtu mmoja tu wa kusema naye. Nikainamia vitunguu vyangu. Mimi ni mgeni huku, nikajiambia. Mgeni hawezi kuharibu matanga ya watu. Daktari wa mifugo hakuitwa, maana nani humwita daktari kwa ng'ombe wa matanga?

"Moto hauna mjadala," Filister akasema mwishowe. "Tutachemsha mpaka ikome." Akachemsha kweli, kuni zikaisha zikaletwa nyingine. Lakini Dishon na wenzake walikuwa wameshachoma ini pale pale walipochuna, kama ilivyo haki ya wachinjaji, likiwa bado jekundu ndani. Na nyama mbichi yote ilikatwa na Lynnet, mke wa mwanawe Filister, ambaye kidole chake kilikuwa na mkwaruzo wa kisu wa tangu jana yake.

Mazishi yakaenda vizuri. Cephas akasifiwa.

Jumamosi nilikuwa kanisani, kwa kuwa mimi ni Msabato, niliposikia kwamba Dishon anatapika na kuharisha damu. Wakubwa wa ukoo wakakaa, wakapata sababu upesi kuliko daktari yeyote: ilikuwa chira. Dishon alikuwa amejenga nyumba kabla ya kaka yake mkubwa, na mila ikivunjwa mwili hulipa. Akapelekwa kwa shangazi anayechemsha manyasi, dawa ya miti ya kuondoa chira. Mamake, Emmaculate, alikubali. Angejuaje?

Sitaki kuwacheka. Chira ni jambo zito huku na kwetu tuna yetu. Lakini nilikasirika kuona jinsi lilivyowafaa watu siku ile. Cephas ndiye aliyelisema kwa sauti ya juu kabisa.

Jumapili kidole cha Lynnet kilianza kuwasha. Jumatatu kikatoa lengelenge na mkono ukavimba hadi kiwikoni. Jumanne asubuhi Filister aliniita nikaone. Lengelenge lilikuwa limepasuka, katikati pamekuwa peusi kama kaa. Lynnet alikuwa amekaa kitandani akimnyonyesha mtoto kwa mkono mmoja.

"Haiumi hata," akasema. "Ndio maana naogopa."

Filister alinivuta nje.

"Nikienda kusema, watasema Filister amelisha watu mzoga. Hakuna mtu ataniita tena. Na nyumba ya Cephas nitakuwa nimeianika."

"Na usiposema?"

Aliingia ndani, akamchukua mtoto, akamwambia Lynnet avae viatu.

Kwenye kituo cha afya daktari alianza kuandika mambo ya jipu. Filister akaweka kiganja juu ya karatasi yake. Akasema yote: fahali kulala kwenye gari, damu ya puani, damu isiyoganda, ini. Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huo unaitwa kimeta, kwamba vijidudu vyake hukaa kwenye nyama, ngozi na udongo, na kuchemsha si kinga, kwa sababu aliyeishika mbichi ameshaupata. Akasema pia, na hili alilirudia, kwamba una dawa ikiwahiwa. Lynnet akachomwa sindano pale pale.

"Nani wengine walikula ama kushika?" daktari akauliza.

Hapo ndipo nilipomwona Filister wangu. Alitaja nyumba moja moja hadi mkono wa daktari ukachoka. Paja lilienda Rongo na mjomba fulani, mbavu kwa wakwe, ngozi bado iko kwa fulani inakauka juu ya paa. Mchana ule watu wa afya na wa mifugo walizunguka na orodha yake. Nyama iliyokuwa imekaushwa ikakusanywa na kuchomwa, waliokula wakapewa dawa, na wanne waliokuwa wameanza homa wakalazwa. Wote wanne wako hai. Lynnet yuko hai, ana kovu na kidole kisichokunjika.

Jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Dishon. Walipofika kwa shangazi alikuwa amekufa tangu alfajiri.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu hata hakujua ana maradhi gani ya kuficha.

Wiki moja baada ya kumzika, Emmaculate alikuja kwa Filister. Nilikuwa nimeketi mle ndani tukinywa chai. Tangu siku ile hakuna aliyekuwa amemwita Filister kupika, na sokoni watu walikuwa wanapita mbali naye. Kwangu walikuwa wananunua kama kawaida. Emmaculate alikataa kikombe. Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Filister, mimi sikuja kugombana. Nataka kujua kitu moja tu. Ulijua lini?"

Angeweza kusema Jumanne. Nilimwombea aseme Jumanne.

"Alhamisi, mama Dishon. Niliona damu ikitoka na nikajua si nzuri."

Emmaculate alihesabu kwa vidole, polepole, kama mtoto wa shule. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

"Kijana yangu alikuwa anatembea hadi Jumamosi," akasema. "Hata Jumapili alikuwa anaongea. Aliniitisha uji."

"Najua."

"Uliona peke yako?"

Filister hakugeuka upande wangu hata kidogo.

"Peke yangu," akasema.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pili, kikombe mkononi. Sikusema kitu.