Spika ya Upande wa Mama

Mama mkwe wangu alipoanza kulalamika kwamba redio inanong'ona, mimi na mume wangu tulitazamana tu. Anaishi nasi hapa Boito, na kiti chake kiko kando ya spika ya kushoto, karibu na dirisha, ili aone wanaopita barabarani. Mahubiri ya asubuhi kwa lugha ya Kipsigis hayakosi. Siku hizo aliyasikiliza akiwa ameinama, kiganja nyuma ya sikio.

"Ni umri," mume wangu aliniambia jikoni. "Wiki ijayo tumpeleke hospitali ya Kaplong, wamwangalie masikio."

Nilikubali. Lakini Jumamosi, baada ya kupeleka majani chai kwenye kituo cha kuuzia, mvua ilinizuia kurudi shambani. Mama alikuwa amejilaza, nami nikakaa kwenye kiti chake na kuwasha redio. Kweli ilinong'ona. Nilipozungusha kitufe cha sauti kwenye amplifaya, spika ile ilikwaruza kama mtu anayekanyaga changarawe, ikapiga kelele, kisha ikanyamaza kabisa. Ya kulia, tunakokaa sisi, iliendelea vizuri.

Nilichomoa waya ukutani, nikangoja kidogo, nikafungua kifuniko cha amplifaya kwa bisibisi. Ndani vumbi lilikuwa limetanda kama unga. Niling'oa kile kitufe, nikakiona kidude kinachozunguka nyuma yake. Nikakipulizia dawa ya kusafisha vifaa vya umeme, ambayo mume wangu huitumia kwenye pikipiki, kisha nikakizungusha huku na huku mpaka vidole vikauma. Nikaacha kikauke, mimi na mume wangu tukipika chai, kisha nikarudisha kila kitu na kuwasha.

Mama alipoamka na kuketi, kwaya ilikuwa ikiimba. Alinyooka kitini, akatazama spika.

"Mmenunua redio nyingine?"

"Ni ile ile, Mama. Kitufe kilikuwa na uchafu, spika yako ikawa haipati sauti."

Alinywa chai yake bila haraka. Halafu akamgeukia mwanawe.

"Na Kaplong, bado mnanipeleka?"

Mume wangu aliinamisha kichwa akicheka. Kumbe maneno yote ya jikoni Mama alikuwa ameyasikia kutoka kwenye kiti chake.

"Nipelekeni tu," alisema. "Nina rafiki huko, tumepotezana muda mrefu."

Tulimpeleka. Hakuna aliyetaja masikio tena. Yeye na rafiki yake walikaa uani wakimenya viazi na kusimuliana habari za watu waliokuwa wasichana pamoja nao, na jioni tulipotaka kuondoka, alituambia tutangulie tukakamue ng'ombe, yeye atalala huko.