Mtafiti Kwa Mama Careen

Mtafiti wa usonji alipanda mlimani kwetu Chome kila mvua zilipopungua, nami ndiye niliyempeleka nyumba kwa nyumba kwenye watoto wenye hali hiyo. Kwenye kila mlango alisimama kwanza, akafuta miwani kwa pindo la kanga, kisha akabisha hodi kwa sauti ya chini, maana watoto wengine huogopa kelele. Siku ile, kwa wifi yangu Honorata, alitoa kinasa sauti kama kawaida. Honorata, ambaye binti yake Careen hasemi na usiku halali, alikitazama tu.

“Nimechoka kuulizwa, dada. Mnauliza, mnaondoka, mimi nabaki naye.”

Mtafiti akakirudisha kinasa mkobani. “Basi nenda ukalale. Nitakaa naye.”

Honorata alinigeukia, nikamwitikia kwa kichwa, akaingia chumbani. Mtafiti akaketi sakafuni karibu na Careen, aliyekuwa akipanga maharage mstari mrefu. Hakumsemesha. Aliegemea ukuta, macho mekundu kwa uchovu, akimsogezea punje moja moja. Gari la mwisho la kwenda mjini Same lilipopiga honi barabarani, nilimgusa bega. Alitikisa kichwa, akasogeza punje nyingine. Chumbani, Honorata alikuwa anakoroma.