Mama Monika kwenye Kiti cha Mwanawe

Fortunata, ambaye sisi majirani zake wa mtaa wa Chanji tulimwita Mama Monika, alikuwa fundi cherehani. Mpaka anakuwa mama wa watoto wawili hakuwahi kugusa chombo cha muziki, labda tuhesabu sufuria aliyokuwa akiigonga kufukuza kuku. Mambo yalibadilika siku mumewe Modesti aliporudi safari.

Modesti alikuwa dereva wa lori la mizigo lililokwenda Tunduma hadi Mbeya. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, na kila aliyesafiri akarudi na wazo. Modesti alirudi na wazo kuhusu watoto.

"Mbeya nimeona," alimwambia mkewe kabla hata hajavua koti. "Mtoto mmoja anapiga kinanda, anaimba, anacheza karate, na Kiingereza juu yake. Dunia ya sasa ni ya ushindani, Mama Monika. Mtoto anayejua kitu kimoja ataishia kuwa kama mimi."

"Wewe una ubaya gani?"

"Najua kitu kimoja."

Basi kabla wiki haijaisha, Monika, binti yao mkubwa, aliandikishwa kinanda kwa Bruda Zenon kule misheni, kwaya ya watoto parokiani, na twisheni ya Kiingereza. Mdogo wake Timoth aliingizwa kwenye bendi ya matarumbeta, kwaya hiyohiyo, na twisheni ya hesabu. Modesti akapanda lori akaenda zake, ameridhika kama mtu aliyepanda ulezi shamba zima kwa siku moja. Palizi alimwachia mkewe.

Shida ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Kinanda kilikuwa saa nane mchana, na kwaya nayo saa nane mchana, na Monika alikuwa mmoja tu. Fortunata akaenda misheni kuomba abadilishiwe saa. Bruda Zenon alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akibadilisha kitu.

"Kiti kikikaa kitupu nampa mtoto mwingine," alisema. "Wapo watoto wa mpaka kijiji cha Kate wanakisubiri."

"Kwa hiyo shida ni kiti kuwa kitupu."

"Ndiyo."

Fortunata akakikalia. Bruda Zenon alimtazama, akatafuta kichwani kanuni ya kumwinua, akaikosa.

"Anayekaa hapo hupiga," alisema mwishowe. "Kidole gumba kiweke hapa."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Monika aliaga anakwenda kwaya, na mama yake akaenda kumshikia nafasi kwenye kinanda. Nyumbani Fortunata alifanyia mazoezi juu ya meza ya cherehani, akaanza kukanyaga pedeli kwa mapigo ya wimbo aliofundishwa. Wateja waliiona tofauti. Nguo za Kwaresima zilitoka na mishono mirefu, ya huzuni. Ilipofika Pasaka alishona kwa kasi hata sketi ya mwalimu mmoja ikafungwa chini, na mwalimu akabaki anauliza miguu itokee wapi.

Kisha ikaja zamu ya Timoth. Bendi ilifanya mazoezi siku ya twisheni, na mwalimu wa bendi naye hakutaka pengo kwenye mstari. Timoth alikuwa mpigaji wa ngoma kubwa. Fortunata akaivaa ngoma tumboni, akajipanga nyuma ya watoto wanaomfika kwapani, akatembea nao kulia kushoto. Sare ilikuwa kaptula na kofia yenye manyoya ya jogoo. Yeye alijishonea sketi kwa kitambaa kilekile, na kofia aliivaa bila kubadilisha chochote. Tulipompita njiani tulimwamkia kama kawaida, tukasubiri afike mbali ndipo tucheke.

Watoto walirudi jioni wachangamfu, wamejaa vumbi, midomo ina ukoko mweupe.

"Kwaya inaendaje?"

"Vizuri, mama."

"Mnapewa maziwa siku hizi?"

"Tunapewa."

Fortunata akaisifu parokia yetu kwa majirani wote.

Siku ya mtakatifu somo wa parokia ilipokaribia, ikatangazwa kuwa watoto watapiga muziki mbele ya wazazi. Monika alimwambia mama yake kwamba wimbo wa kinanda haujui hata unavyoanza. Fortunata alimpelekea Bruda Zenon habari hiyo akitumaini jina litafutwa.

"Mimi nimemfundisha aliyekalia kiti," alisema Bruda. "Huyo ndiye atakayepiga."

Modesti alirudi safari kwa ajili ya siku hiyo, akaenda kwanza Namanyere kumchukua dada yake mkubwa, Fransiska. Shangazi huyo alikuwa na macho hafifu na maneno makali. Mkewe hakuwa amemweleza lolote, kwa sababu kila alipofungua mdomo Modesti alianza habari za Mbeya. Ndugu hao wawili wakakaa ukumbini benchi la mbele.

Bendi iliingia. Modesti alinyoosha shingo kumtafuta mwanawe, akamwona mkewe na manyoya ya jogoo kichwani, akiipiga ngoma kwa uso wa mtu anayetwanga. Halafu msemaji akaita, "Monika Modesti, kinanda," na Fortunata akaivua ngoma, akapanda jukwaani.

"Huyo ndiye Monika?" aliuliza Fransiska. "Amekua. Mnamlisha nini?"

"Ulezi," alisema Modesti.

Fortunata alipiga wimbo wake. Alikosea mahali, akarudi nyuma kidogo kama mtu aliyedondosha sindano, akaiokota, akaendelea mpaka mwisho. Ukumbi ulipiga makofi mengi.

Wakati makofi yanaisha, mzee Ndalahwa aliingia na fimbo yake. Alikuwa Msukuma mfugaji, mwenye boma lake bondeni nje ya mji.

"Nawatafuta wazazi wa Monika na Timoth," alisema. "Nimesikia wanacheza muziki leo. Sikujua kama wana kazi nyingine."

"Kazi nyingine zaidi ya ipi?" aliuliza Modesti.

"Binti anakamua. Kuna ng'ombe wangu mwenye pembe moja, siku hizi hamtaki mtu mwingine. Na huyu mdogo anaswaga mkokoteni. Maksai wanamsikia kuliko mimi. Mimi nilijua mmewatuma."

Ikawa wazi kwamba kwaya haikuwahi kumwona Monika, wala twisheni Timoth. Watoto walitolewa nyuma ya mlango walikojificha. Modesti aliwauliza kwa nini, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyepotea njia anayoijua.

"Kila mahali tulikuwa tunachelewa, baba," alisema Monika. "Tukifika huku tunakaripiwa, tukienda kule tunakaripiwa. Kwa babu Ndalahwa hakuna kuchelewa. Ng'ombe wapo tu."

Modesti akamgeukia mkewe. "Na wewe ulijua?"

"Ningejua saa ngapi? Nilikuwa kwenye kinanda na ngoma."

Fransiska ndiye aliyemaliza shauri. "Waacheni watoto wakamue," alisema. "Na huyu Monika mkubwa msimtoe kwenye kinanda. Ana mkono."

Ndivyo ilivyokuwa. Watoto waliachiwa twisheni moja moja, na Jumamosi wakawa halali ya ng'ombe. Fortunata aliendelea kwa Bruda Zenon, ambaye aliendelea kumwita Monika kwa sababu ndilo jina aliloandika. Miaka iliyofuata alipiga kinanda misa za asubuhi, na siku za sherehe alishuka kuibeba ngoma. Bendi ilibadilisha watoto, yeye akabaki.

Modesti alipokuwa nyumbani Jumamosi alibaki kibarazani kuwapigia wateja pasi. Gauni la kwanza lilikuwa la jirani yetu Coleta, na pasi ya mkaa iliacha alama yake yote mgongoni. Coleta alilalamika wiki nzima. Jumapili akalivaa hivyohivyo, akajifunga kitenge juu kuficha alama, akaenda kukaa karibu na kinanda cha Mama Monika.