Makopo Shambani na Mkia wa Dunia

"Kama hiyo dhoruba iko huko juu," mama mdogo aliniuliza, "mbona mpunga wangu hautikisiki?"

Nilikuwa na digrii ya fizikia, na pembeni mwa shamba lake la Katindiuka nilikuwa nimefukia chombo cha kupima sumaku ya dunia. Mang'ula tuliikataa kwa sababu ya reli na chuma chake. Kazi ya chombo ilikuwa kunasa mitetemo midogo inayofika ardhini sumaku ya dunia inapopatwa na dhoruba. Nadharia niliijua: upepo wa jua huivuta sumaku hiyo upande wa usiku mpaka iwe kama mkia mrefu, mkia ukizidiwa, hufyatuka kama manati, na mtikisiko husikika hata huku kwetu karibu na ikweta. Niliijua, ila sikuiamini. Kitu kifyatuke mbali kiasi hicho, halafu kije kubisha hodi Katindiuka?

Lakini mitetemo ilikuja. Kila jioni mstari kwenye kompyuta ulipanda na kushuka, kama dakika moja kati ya wimbi na wimbi, vilevile nilivyofundishwa. Nilirukaruka kwa furaha. Kisha nikaanza kushuku. Mitetemo ilirudi alfajiri, ila katikati ya usiku, wakati ambao dhoruba hizi hupenda, mawimbi hakuna, ni mikwaruzo tu ya hapa na pale. Dhoruba gani hii inayolala mapema kama kuku?

Nilimwandikia msimamizi wangu chuoni. Akajibu kwamba nisipompa rekodi safi ya usiku mmoja kufikia mwisho wa wiki, chombo kitafukuliwa kipelekwe mkoa mwingine. Mimi niliyekuwa nabishia kila kitu nikajikuta sitaki kiondoke.

Jioni iliyofuata nilisimama na kompyuta yangu chini ya dungu, kile kichanja alichopanda mama mdogo kuamia kweleakwelea wasimalizie mpunga. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Kila alipomaliza ubeti alivuta kamba, makopo ya maziwa yaliyotundikwa shamba zima yakacheza, na mstari wangu ukaruka. Ubeti, kamba, wimbi. Ubeti, kamba, wimbi. Kamba moja ilipita juu kabisa ya chombo changu. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope.

"Umeona nini?"

"Dhoruba ya sumaku, mama. Kumbe ni wewe."

"Mimi? Msomi mzima, siku zote hizi unanirekodi nikiimba?"

Nikamwomba atoe makopo, nikamweleza kwamba chuma chochote kikisogea karibu hukivuruga chombo.

"Nitoe makopo, halafu ndege tuwafukuze na nini, digrii yako?"

Tukapatana kutumia chupa za plastiki zenye kokoto ndani. Zilikuwa na kelele mbaya kuliko makopo, akazipenda.

Kesho yake jioni mstari ulitulia. Asubuhi nilifungua rekodi ya usiku, na karibu na saa sita yalikuwepo: mawimbi machache, la kwanza kubwa, yanayofuata yakififia, kama kengele iliyogongwa mara moja. Nikamtumia msimamizi. Naye akanitumia rekodi ya kituo kimoja cha kaskazini kabisa, kule kwenye barafu. Dakika ileile sumaku ya kule ilikuwa imeporomoka ghafla. Mkia ulikuwa umefyatuka kweli, na Katindiuka tulikuwa tumesikia.

Nilikimbia juu ya majaruba nikipunga mikono kama kichaa.

"Kweleakwelea wako wapi?" aliuliza mama mdogo.

"Hakuna, mama. Chombo kinabaki."

"Basi toka kwenye mpunga wangu."

Nilizisifia chupa zile kwa muda mrefu. Miaka ilipita, ndipo nikakutana harusini Mofu na jirani mmoja wa Katindiuka, aliyekuwa akilinda shamba lake usiku nguruwe pori wasiingie. Aliniambia kwamba wiki ile yeye na wenzake wote waliacha baiskeli barabara kuu na kumalizia njia kwa miguu, gizani, kwa kunyata, kwa sababu mama mdogo alikuwa amewapitia mmoja mmoja na kuwaambia kwamba chombo changu kimeatamia.